Abraham Gottlob Werner na Mwamba Mweusi wa Scheibenberg

Wanachuo wengi huingia mazoezini wakiamini kwamba mwalimu hodari ni yule asiyekosea mbele ya darasa. Yafaa basi wayajue maisha ya Abraham Gottlob Werner, ambaye ni miongoni mwa walimu mashuhuri kabisa katika historia ya elimu ya miamba, na ambaye katika jambo lililobishaniwa mno siku zake alikosea.

Werner alizaliwa tarehe 25 Septemba 1749 huko Wehrau, mahali ambapo sasa ni Polandi. Baba yake alisimamia viwanda vya chuma, hivyo madini aliyazoea tangu utotoni. Alisoma katika Chuo cha Madini cha Freiberg, Ujerumani, kisha Leipzig. Mwaka 1774, akiwa bado mwanafunzi, alichapisha kitabu kidogo cha kuyatambua madini kwa sifa zake za nje, kama vile rangi, mng'aro, ugumu na namna yanavyovunjika. Mwaka uliofuata aliitwa Freiberg kufundisha, na kazi hiyo hakuiacha hadi alipofariki.

Ufundishaji wake ndio uliomjenga jina. Jiwe lenyewe lilitangulia, maelezo yakafuata. Mwanafunzi alilishika, akalipima kwa macho na kwa kucha, ndipo akalipa jina. (Mimi nimelijaribu jambo hili na wanachuo wangu, jiwe moja kwa kila kikundi, na kelele zilizotokea zilikuwa za manufaa.) Werner aliandika machache sana, lakini vijana walitoka nchi nyingi za Ulaya kuja kumsikiliza, wakarudi kwao na mafundisho yake. Alexander von Humboldt na Leopold von Buch walikuwa miongoni mwao.

Alifundisha kwamba zamani bahari iliifunika dunia yote, na kwamba miamba mingi ilitokana na maji hayo, ikatua tabaka juu ya tabaka. Basalti, ule mwamba mweusi mzito, aliuweka katika kundi hilo hilo. Mwaka 1787 alikagua kilima cha Scheibenberg, akaona chini ya nguzo za basalti kuna mchanga na udongo wa mfinyanzi. Kwa macho yake tabaka hizo zilibadilika polepole hata kuwa basalti; akakata shauri kwamba zote ni mazao ya maji. Volkeno alizihesabu kuwa mambo madogo ya siku za karibuni, yaliyosababishwa na makaa ya mawe yanayoungua ardhini.

Tusimcheke. Alitazama kwa makini, ila alitazama wilaya yake tu. Huko Auvergne, Ufaransa, Nicolas Desmarest alikwisha kuona tangu mwaka 1763 kwamba nguzo za basalti zimeungana na zaha ya volkeno zilizozimika. Werner hakwenda. Wanafunzi wake ndio waliokwenda: von Buch alifika Auvergne mwaka 1802, na d'Aubuisson de Voisins, aliyekuwa amechapisha mwaka 1803 kitabu cha kumtetea mwalimu wake, naye aliiona nchi hiyo akabadili kauli. Waliitumia mbinu ile ile ya Freiberg, ya kutazama kwanza, kuuvunja uamuzi wa Freiberg.

Leo ni dhahiri kwamba basalti ni zaha iliyopoa. Mchanga wa Scheibenberg ulikuwapo kwanza, zaha ikaufunika. Kiasi cha asilimia 45 hadi 52 ya uzito wa basalti ni silika, na ina chuma na magnesi nyingi. Asili yake ni mwamba wa moto ulio chini ya ganda la dunia: unapopanda juu, mgandamizo hupungua, na sehemu yake ndogo huyeyuka. Nyanda za Dekani nchini India zilifurikwa na zaha ya namna hii yapata miaka milioni 66 iliyopita, na nyanda za juu za Ethiopia yapata milioni 30. Wanakemia hupima isotopu za strontiamu na neodimiamu ili kujua zaha ilitoka wapi na ililamba nini njiani. Lakini kama joto hilo hupanda kutoka kina kirefu mno au la, wataalamu bado wanabishana.

Werner alifariki Dresden tarehe 30 Juni 1817. Mkusanyo wake wa madini ungali Freiberg.