Johann Ludwig Krapf na Kaburi la Kisauni

Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen, Ujerumani (1810), aliwasili Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Walikuwa wamekwisha kumzika mtoto mmoja Uhabeshi. Mwezi Julai homa iliwalaza wote wawili. Rosine alijifungua binti, akafariki tarehe 13. Kichanga naye akamfuata baada ya siku chache. Krapf, mwenyewe akiwa hoi, aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo lilikuwa ishara ya kazi iliyoanza.

Wengi wangalirejea kwao. Yeye aliendelea kutafsiri Kitabu cha Mwanzo, kazi aliyoianza mwezi Juni. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Siku zake zikawa za mahubiri, safari na kudadisi maneno vinywani mwa wenyeji. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850. Aliiaga Rabai mwaka 1853, afya ikiwa imedhoofika. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Waumini aliowapata walikuwa wachache mno. Urithi wake mkubwa ukawa ile lugha aliyojifunza ili awahubirie.