Amiri Abdulkadir wa Aljeria na Haki ya Mateka

Tumeona katika darasa yetu kwamba vijana wengi wamjua Amiri Abdulkadir kwa upanga wake tu. Hukumbuka ya kuwa alipigana na Wafaransa miaka kumi na mitano, kisha hunyamaza. Hiyo ni nusu ya khabari zake, na kwa maoni yetu si nusu iliyo kubwa. Nasi tumewahi kusikia barazani ikisemwa ya kuwa kumtetea asiye wa dini yako ni udhaifu wa imani. Mwenye kusema hivyo na ayasome haya.

Amiri alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, magharibi ya Aljeria, katika nyumba ya ilimu. Baba yake, Sheikh Muhyiddin, alikuwa mkubwa wa tarika ya Kadiria katika nchi zile. Wamo miongoni mwetu wasioridhika na mengi katika mambo ya tarika, wala hatulifichi hilo. Lakini insafu yatulazimu kusema kwamba nyumba hiyo ilisomesha Kurani na fikihi na kuwalisha masikini kabla haijamtoa mpiganaji yeyote. Katika ujana wake alikwenda kuhiji pamoja na babake, wakapita Misri wakaona kazi alizokuwa akizifanya Muhammad Ali Pasha, wakafika Sham na Baghdad.

Wafaransa waliuteka mji wa Algiers mwezi wa Julai 1830. Mwezi wa Novemba 1832 makabila ya magharibi yalimpa Abdulkadir baia, naye ni kijana wa miaka ishirini na minne. Akasimamisha dola: makadhi, baitulmali, jeshi la mshahara, na viwanda vya silaha. Mwaka 1834, na tena mwaka 1837, Wafaransa walifanya mikataba naye, na mara zote mbili amani haikudumu.

Vita vilivyofuata vilikuwa vikali mno. Jenerali Bugeaud aliwaamuru askari wake kuchoma mazao na kuteka mifugo, ili watu wasalimu kwa njaa. Mwezi wa Juni 1845, katika milima ya Dahra, kabila zima la Ouled Riah, waume kwa wake na watoto, lilikimbilia pangoni. Kanali Pélissier akawasha moto mlangoni mwa pango, na mamia wakafa kwa moshi. Twalitaja jambo hili kwa sababu asiyelijua hawezi kuupima uzito wa amri alizozitoa Amiri juu ya mateka wa Kifaransa. Askari aliyemleta mateka hai alipewa zawadi; na aliyemdhulumu mateka aliadhibiwa. Wanawake waliotekwa waliwekwa chini ya ulinzi wa mamake Amiri, Bibi Zohra. Na ilipokuwa chakula hakitoshi, alipata kuwaachilia mateka bila ya kudai badala yao.

Mwaka 1841 Askofu Dupuch, mkubwa wa Wakatoliki mjini Algiers, alimwandikia Amiri kumwomba amwachilie Mfaransa mmoja, kwa kuwa mke wa mtu huyo alikwenda kumlilia. Amiri hakukataa, wala hakufurahi kwa kuombwa. Alimjibu kwa namna ya kumlaumu: mtu wa dini alipaswa kuombea mateka wote wa Kikristo, si mmoja aliyebahatika kuwa na wa kumsemea, tena alipaswa kuitazama na ile jela yake mwenyewe, wafungwe wafunguliwe na Waislamu waliojazwa humo. Askofu hakuona haya kukubali kwamba amefundishwa wajibu wake na adui wa taifa lake. Mwaka huo huo mateka wa pande mbili walibadilishwa kwa wingi, na urafiki wa watu hao wawili ukaanzia hapo.

Hatutasema kwamba jeshi la Amiri halikuwa na doa. Mwezi wa Aprili 1846, yeye akiwa mbali, mateka wa Kifaransa zaidi ya mia waliuawa katika kambi yake. Wengi wa waandishi humtoa lawamani. Walakini waliouawa waliuawa, nao walikuwa katika amana yake.

Mwezi wa Disemba 1847, watu wake wakiwa wamechoka na Sultani wa Moroko amekwisha kumgeukia, Amiri alisalimu kwa sharti ya kupelekwa Alexandria au Akka. Jenerali Lamoricière na mwana wa mfalme wa Ufaransa waliitia mkono sharti hiyo. Kisha merikebu ikampeleka Toulon, akafungwa. Kutoka Toulon alihamishiwa Pau, na kutoka Pau ngome ya Amboise, na watu wake wakifa kwa baridi na maradhi. Waliomsemea katika miaka hiyo walikuwa Wafaransa, na wa mbele yao alikuwa Askofu Dupuch, aliyetoa kitabu mwaka 1849 kuitaka serikali yake itimize ahadi. Amiri alifunguliwa mwezi wa Oktoba 1852. Akakaa Bursa katika dola ya Uturuki, na mwaka 1855 akahamia Damascus, akisomesha, na mamia ya Waaljeria wakamfuata huko.

Mwaka 1860 vita vya Wadruzi na Wakristo vilizuka katika milima ya Lebanon. Amiri aliuhisi moto unakuja mjini, akamwonya wali Ahmad Pasha na wakubwa wa mji, na akawaandikia masheikh wa Kidruzi kuwazuia. Wali hakufanya la maana. Tarehe 9 Julai ghasia zikaanza. Mtaa wa Wakristo ukachomwa, na watu wakawa wanachinjwa majumbani mwao. Amiri akatoka na Waaljeria wake wenye silaha, watu ambao nchi yao ilikuwa imekaliwa na Wakristo na ndugu zao wamezikwa katika ardhi ya ugeni, wakapita vichochoro wakiwaita Wakristo watoke wawafuate. Nyumba yake ikajaa, na nyumba za jirani zikajaa, kisha wakawasindikiza makundi kwa makundi hadi ngomeni. Wazushi wa ghasia walipokuja mlangoni kuwadai, aliwatokea yeye mwenyewe akakataa kuwatoa. Inasimuliwa pia kwamba alitangaza kulipa fedha kwa kila Mkristo atakayeletwa kwake hali ya kuwa hai. Maelfu waliokoka. Wala hakuwa peke yake: katika mtaa wa Midani Waislamu wengine waliwaficha jirani zao, na hao hawakupata nishani ya mtu.

Yeye alizipata nyingi: za Ufaransa, za Urusi na za Papa, na Rais Lincoln wa Marekani alimpelekea bastola mbili. Sisi twaona barua moja ni kubwa kuliko zote, nayo ni ya Imamu Shamil, aliyepigana na Warusi katika Kaukasi na wakati huo akiwa mateka wao. Shamil alimsifu kwa kuyafanya yale aliyoyaamuru Mtume, na Amiri akamjibu kwamba hakufanya ila lililompasa kwa sharia na kwa haki ya ubinadamu.

Wafaransa nao walimsifu kwa vinywa vipana, wakapeleka majeshi Lebanon kwa jina la kuwalinda Wakristo, na Aljeria wakabaki nayo. Hapa ndipo wengine humlaumu, ya kuwa alikula posho ya Ufaransa, na kwamba mwaka 1871, Mokrani alipoinuka na mwanawe Amiri akaenda kupigana, babake alijitenga naye mbele ya watu. Lawama hii ina uzito. Sisi twaiona kuwa ni neno la mtu aliyetoa ahadi ya kutopigana tena, akaishika ingawa aliopeana nao hawakuishika yao. Lakini hatumlazimishi msomaji kukubaliana nasi.

Alifariki Damascus mwezi wa Mei 1883. Mwaka 1966, miaka minne baada ya uhuru, mifupa yake ilirudishwa Algiers. Wale wa jamaa yake waliokufa kifungoni, zaidi ya ishirini, bado wamelala katika bustani ya ngome ya Amboise.