Taylor, aliyepima maisha ya makali

Mfanyabiashara anayenunua biti za kutobolea mjini Lilongwe na kuzipeleka Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilayani Dowa tangu 1994, huenda akarudishiwa lawama: biti iliyotoboa mageti kumi imefia kwenye springi moja ya gari. Swali hilo lilimshughulisha Mmarekani Frederick Winslow Taylor kwa miaka 26.

Alizaliwa Philadelphia mwaka 1856, mtoto wa wakili mwenye mali. Alitarajiwa kusoma Harvard, lakini macho yakamsumbua, akaenda kujifunza ufundi karakanani. Mwaka 1878 aliingia kiwanda cha chuma cha Midvale kama kibarua. Huko walikereza pete ngumu za magurudumu ya treni, kila fundi kwa kasi aliyoibahatisha. Taylor akaanza kupima mwaka 1880. Hadi anamaliza alikuwa amefanya majaribio zaidi ya 30,000 na kukata tani zaidi ya 350 za chuma.

Aligundua kwamba adui mkubwa wa makali ni joto. Chuma kigumu hukataa kukatika, msuguano hupanda, ncha hupata moto na kulainika. Kuongeza kasi kidogo tu, hata sehemu moja ya kumi, kunaweza kupunguza maisha ya biti kwa nusu. Kwa hiyo springi hutobolewa polepole, huku ncha ikipozwa. Taylor mwenyewe alimwaga maji mengi kwenye makali, na kasi ikaweza kupanda kwa takriban asilimia 40.

Mwaka 1898, kiwandani Bethlehem, yeye na Maunsel White walichoma chuma chenye tangsteni na kromiamu hadi karibu kuyeyuka. Kikaweza kukata hata ncha ikiwa nyekundu kwa moto, na mwaka 1900 kilishangaza watu kwenye maonyesho ya Paris. Uzao wake ndio biti zenye herufi HSS. Tangsteni hiyo siku hizi huchimbwa hata Rwanda. Lakini herufi hizo yeyote anaweza kuzigonga, hata juu ya chuma dhaifu, na hapo ndipo muuzaji hupoteza wateja.

Mwaka 1909 mahakama ilibatilisha hataza za chuma hicho. Mwaka 1911 wafanyakazi wa karakana ya silaha ya Watertown waligoma kwa kuchoshwa na saa yake ya kupimia kazi. Makali aliyaelewa kuliko watu walioyashika. Alifariki Machi 21, 1915, siku moja baada ya kutimiza miaka 59.