Scott Joplin na kibao kilichofufuliwa na sinema

Wengi waliotazama sinema ya The Sting mwaka 1973 walidhani muziki wake ni wa miaka ya 1930, enzi inayosimuliwa humo. La hasha! Kibao kile cha piano, The Entertainer, kilichapishwa mwaka 1902, na mtunzi wake, Scott Joplin, alifariki New York mwaka 1917.

Joplin alikuwa Mmarekani Mweusi, mwana wa mtu aliyezaliwa utumwani. Kibao chake Maple Leaf Rag cha mwaka 1899 kilimpatia senti moja kwa kila nakala iliyouzwa. Lakini moyo wake ulikuwa katika opera yake, Treemonisha: kisa cha msichana aliyesoma, ambaye elimu yake inamfanya kiongozi wa watu waliotawaliwa na ushirikina. (Mwalimu gani asingeipenda?) Aliichapisha mwaka 1911 kwa fedha zake mwenyewe, asipate wa kuigharimia jukwaani.

Mwaka 1974 The Entertainer, kwa upigaji wa Marvin Hamlisch, kilishika nafasi ya tatu katika chati za Marekani. Hadi mwaka huo kaburi la Joplin halikuwa na alama yoyote. Sinema, kwa maoni yangu, ilimlipa nusu ya deni: ilichukua kibao chepesi, si kazi aliyoithamini kupita zote. Treemonisha ilikuwa imekwisha kuonyeshwa Atlanta mwaka 1972, bila msaada wa sinema yoyote.