Jeevanjee: Aliuza gazeti, akatoa bustani

Mtaji wa marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee haukutoka kwenye magazeti. Mzaliwa huyu wa Karachi, aliyefungua tawi la biashara Mombasa mwaka wa 1890, alitajirika kwa zabuni za reli ya Uganda: kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula.

Mwaka wa 1902 alianzisha African Standard mjini Mombasa, likitoka mara moja kwa wiki, akamwajiri W. H. Tiller awe mhariri. Hakukaa nalo. Mwaka wa 1905 aliwauzia Anderson na Mayer, wakaliita East African Standard. Ndilo The Standard la leo, na kwa mtu mjuzi wa hesabu kama yeye, pengine aliliachilia mapema mno.

Mwaka uliofuata aliwapa wakazi wa Nairobi bustani katikati ya mji. Alifariki 1936. Mwaka wa 1991 ukazuka mpango wa kujenga jumba la ghorofa hapo; mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani na mpango ukaanguka. Wasio na pesa za hoteli wangali wanapumzika hapo mchana, bila kulipa hata senti.