Katti Anker Møller: Mama Aliyetaka Serikali Imtafute Baba

Stori ya hosteli tunaijua. Binti kapata mimba, jamaa kabadilisha laini, na semina ya Jumatatu binti hayupo. Huwa tunaongelea tabia ya jamaa, sheria hatuigusi. Huyu mama wa Norwe aliianzia kwenye sheria.

Katti alizaliwa Hamar mwaka 1868. Baba yake alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chuo cha wananchi pale mjini, vyuo vya ukoo mmoja na hivi vyetu vya maendeleo ya wananchi. Mama yake alizaa watoto 10 na akafa kabla ya kuuona uzee. Hilo Katti hakulisahau. Aliolewa na binamu yake, Kai Møller, mwenye shamba kubwa la Thorsø, na angeweza kukaa zake akanywa kahawa.

Lakini alikuwa akiwaona watumishi wa ndani na vibarua wa mashambani wanapewa mimba, halafu wanafukuzwa kazi. Mtoto hakuwa na jina la baba wala urithi. Wengine walizaa kwa kujificha, kichanga kikafa, wakaishia kizimbani peke yao. Mwanaume hakuonekana popote kwenye kesi. Katti akaanza kuzunguka nchi akihutubia, na mwaka 1902 akawa miongoni mwa waliofungua nyumba ya akina mama wasioolewa mjini Kristiania, ndiyo Oslo ya leo.

Bahati yake ilikuwa shemeji. Dada yake aliolewa na Johan Castberg, mwanasheria aliyekuja kuwa waziri wa sheria mwaka 1908. Wawili hawa walisukuma muswada kwa miaka, na Aprili 1915 Bunge, lililojaa wanaume, likaupitisha.

Hapa ndipo pa kusoma taratibu. Kumsaka baba haikuwa tena kazi ya binti. Yeye alimtaja mwanaume, ofisi ya serikali ikampelekea mhusika hati. Akinyamaza, amehesabiwa baba. Akikana, twende mahakamani. Mtoto alipata jina la baba na urithi sawa na ndugu zake wa ndoa, na matunzo yalipimwa kwa hali ya mzazi mwenye uwezo zaidi. Tajiri hakuweza kulea kimaskini. Na ikionekana binti alikuwa na wanaume zaidi ya mmoja, aliyelala naye wakati ule bado aliweza kuamriwa alipe, ingawa mtoto hakupata jina lake. (Kwetu sheria ya zamani iliishia shilingi 100 kwa mwezi, mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Mia! Hata andazi linagoma.)

Upinzani mkali haukutoka kwa wanaume tu. Wanawake wengi wa ndoa walipinga, wakisema mtoto wa nje akirithi, ndoa imekwisha. Mimi siwacheki. Walikuwa wanalinda kidogo walichopewa.

Angeweza kuishia hapo na sifa zake. Ila mwaka uleule wa 1915 alisimama kudai mwanamke aamue mwenyewe azae lini, na kifungu cha kumfunga anayetoa mimba kifutwe. Alizomewa sana, hata na waliomshangilia juzi. Nadhani alishaona kwamba sheria ya shemeji yake inaanza kazi mimba ikiwa tayari ipo. Mwaka 1924 akafungua ofisi ya kwanza ya ushauri wa uzazi wa mpango Kristiania, na nyingine zikafuata.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Kabla ya mimba, kazi yote ya kujikinga ilibaki kwa mwanamke. Ofisi ile iliitwa ya afya ya akina mama, na hata kwenye zahanati zetu dirisha la uzazi wa mpango bado lina foleni ya wanawake watupu.

Katti alifariki Agosti 1945. Kifungu cha kutoa mimba alikiacha palepale kwenye vitabu vya sheria.