Michael Faraday, mtoto wa muhunzi aliyetufundisha kusikia umeme ndani ya ukuta

Mu Bukavu, fundi akimaliza kupitisha nyaya ndani ya ukuta, halafu mwashi akapiga simenti na rangi juu yake, ramani ya nyaya hizo inabaki mu kichwa cha fundi peke yake. Fundi akihama, mwenye nyumba hajui tena waya unapita fasi gani. Akitaka kutoboa ukuta ili aweke etajere, anabahatisha. Njo maana wengi siku hizi wananunua testa, ile yenye umbo la kalamu inayolia ikisogezwa karibu na waya bila kuugusa.

Wazo linaloiwezesha kalamu hiyo kusikia lilitoka kwa Michael Faraday, Mwingereza aliyekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita. Tukimufahamu yeye, tutaelewa pia kwa nini kalamu hiyo inaweza kunyamaza kumbe hatari iko palepale.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa London. Baba yake alikuwa muhunzi mgonjwa-mgonjwa, na chakula nyumbani hakikutosha. Shule alisoma kidogo tu: kusoma, kuandika na hesabu za kawaida. Alipofika miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa huko miaka 7. Vitabu vya wateja alivishona, lakini alivisoma pia, na kurasa juu ya umeme zilimukamata kabisa.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja alimupa tiketi za kusikiliza mafundisho ya Humphry Davy, mwanakemia mkubwa wa wakati ule. Kijana akaandika kila kitu, akajalidi kitabu kizuri, akamutumia Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa musaidizi wake. Davy alipomuchukua katika safari ya Ulaya, mke wa Davy alimutendea kama boyi wa nyumba. Alivumilia, kwa sababu njiani alikutana na wanasayansi ambao mutoto wa muhunzi asingewaona kamwe.

Sasa tufike mahali penyewe. Tarehe 29 Agosti 1831, Faraday alichukua pete ya chuma yenye upana wa sentimita 15 hivi. Upande mmoja akazungusha waya na kuuunga na batri. Upande mwingine akazungusha waya mwingine, usiogusana na ule wa kwanza, na kuupeleka kwenye sindano ya sumaku. Alipounga batri, sindano ikaruka. Halafu ikatulia, ijapokuwa batri ilikuwa ingali inasukuma umeme. Alipokata, ikaruka tena. Wengine wangeona ni kifaa kibovu. Yeye aliona kwamba waya wa pili unasikia mabadiliko tu: umeme unaotembea sawasawa bila kubadilika hauamushi kitu. Miezi miwili baadaye alikuwa amezungusha sahani ya shaba katikati ya sumaku kubwa na kupata umeme usiokatika. Jenereta za Ruzizi, pale mto unapotoka Ziwa Kivu, zinafanya kazi hiyohiyo kwa nguvu ya maji.

Umeme wa SNEL unageuka mbele na nyuma mara 50 kila sekunde. Kwa sababu unabadilika bila kupumuzika, nguvu yake inaenea nje ya waya, inapita simenti, na kalamu inaisikia. Lakini wakati wa delestaji waya hauna kitu, na kalamu itanyamaza hata ukiigandamiza juu yake. Mtu anatoboa ukuta saa hiyo, anachubua waya, anafunika, anasahau. Umeme ukirudi usiku, pale palipochubuka panaanza kupata moto, na mu makartie yenye nyumba za mbao zilizobanana, kama Kadutu, moto hauulizi nani alitoboa.

Kuna jambo lingine ambalo ni la kwetu zaidi. Familia nyingi zimeweka pano za jua, na nyaya zinazotoka kwenye batri zinapitishwa pia ukutani. Umeme wa batri unaenda upande mmoja tu, kama ule uliotuliza sindano ya Faraday. Testa ya kalamu haiusikii hata kidogo. Volti 12 hazikuui, ni kweli, lakini batri kubwa ikishikanisha nyaya zake mbili inaweza kuyeyusha plastiki na kuwasha mbao. Kwa hiyo jaribu kwanza kalamu kwenye prizi unayojua ina umeme, halafu pima ukuta, halafu zima dijontere na ukate batri ya panone kabla ya kutoboa.

Ziko pia mashini zinazotengeneza sumaku yao yenyewe inayobadilika na kutafuta chuma. Hizo zinapata waya hata usio na umeme, ila zinalia vilevile juu ya vyuma vya ndani ya beto.

Mwaka wa 1836 Faraday alijenga chumba cha mbao, akakizungushia waya na karatasi ya bati, akaingia ndani na vifaa vyake. Nje cheche zilikuwa zinaruka, ndani hakuna kilichotikisika. Ukuta wenye wavu wa chuma chini ya plasta, au waya uliopitishwa ndani ya bomba la chuma, unaficha umeme namna hiyohiyo.

Hesabu za juu hakuzijua mpaka mwisho. Ni James Clerk Maxwell aliyeandika mawazo yake kwa hesabu. Serikali ilipomuuliza juu ya kutengeneza gesi ya sumu kwa vita ya Crimea, alikataa. Alikataa pia cheo cha heshima cha kuitwa Sir, na kuongoza chama kikubwa cha wanasayansi wa nchi yake. Alikuwa mukristo wa kanisa dogo, na aliishi maisha ya kawaida na mke wake Sarah, bila watoto. Miaka ya uzee akili ilianza kumusahaulisha.

Alikufa tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa Highgate, London, chini ya jiwe lenye jina na tarehe zake. Ampuli ya Edison ilikuja miaka 12 baadaye, na nyaya ndani ya kuta za nyumba zikafuata.